Nusu Senti ya Bwawa la Tilden Fork

Wanetta Stroud aliijua miji ya kusini mwa Missouri kwa kodi zake, kama wengine wanavyoijua kwa makanisa au kwa timu za mpira. Ukimtajia mji wowote wenye tamasha, alikujibu papo hapo. Hawa wana robo senti ya gari la wagonjwa. Wale wana nusu senti ya barabara, na barabara yenyewe bado mashimo matupu. Wale wengine waliongeza senti nzima kwa ajili ya polisi, na sasa wana polisi wanne kwa watu mia sita, kwa hiyo usithubutu kupita kwao na taa ya nyuma iliyoungua.

Wala hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa muuza bisi. Yeye na mumewe Delmar walikuwa na trela nyeupe yenye dirisha ubavuni, na ndani yake karai la shaba ambalo mtoto wa miaka mitano angeweza kuoga humo. Kuanzia Aprili hadi Novemba waliivuta trela hiyo kwa pikapu kutoka tamasha hadi tamasha, wakikaanga bisi za sukari na chumvi. Delmar alikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Wanetta alikaa dirishani kupokea pesa, kwa sababu Delmar hakuaminika hapo: mtoto akilia kidogo tu, anapewa mfuko bure, na mama yake naye anapewa wake.

Kibao cha dirishani kilisema: MFUKO DOLA SITA, KODI NDANI. Zamani walifanya kama maduka yote ya jimbo, wakiandika bei kisha kuongeza kodi juu yake. Mteja anakuja na noti yake ya tano, anaambiwa bado senti arobaini na kitu, anaanza kujipapasa mifuko, mkewe anafungua mkoba, foleni inasimama, bisi zinapoa. Wakaona bora waweke bei moja nzima. Lakini jimbo halikufuata kibao. Kila tamasha lilipokwisha, Wanetta alikaa chini na kuzigawa zile dola sita, ajue ipi ni yake na ipi si yake: ya jimbo senti nne na ushee kwa kila dola, ya kaunti hii, ya mji hii, na kila mji na kiwango chake.

Mama yake, aliyekuwa na duka la vyakula karibu na mpaka wa Arkansas, ndiye aliyemfundisha. "Kodi si yako," alimwambia Wanetta alipokuwa bado anapanda kreti ili aifikie kaunta. "Ni kama mtoto wa jirani uliyeachiwa. Unamrudisha kwao mzima." Wanetta aliishika kauli hiyo, ila yeye akaongeza lake. Alisema kama ni yeye anayemrudisha mtoto, basi ana haki ya kujua kwao ni wapi. Ndiyo maana kila mji alikuwa akiuliza: hii yenu ni ya nini?

Mwaka alipotimiza hamsini na tano, walikwenda kwa mara ya kwanza kwenye Tamasha la Tufaha la Tilden Fork, mji wa watu elfu moja na mia nne kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza asubuhi, karani wa mji alipita kwenye vibanda akigawa karatasi. Aliitwa Imogene Pruitt, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliwaeleza wachuuzi kwamba tangu tarehe mosi ya mwezi huo kodi ya mauzo mjini imepanda nusu senti, na itabaki hivyo kwa miaka kumi, kisha itakoma.

Wanetta akauliza swali lake.

"Ni ya bwawa la kuogelea," Imogene alisema. "La zamani lilipasuka kwa baridi miaka kumi na moja iliyopita. Sasa hivi wanaogelea vyura. Tulipiga kura, tukashinda kwa kura tatu."

"Na moja ya hizo tatu ni ya mke wangu," ilisema sauti ya kibanda cha pili.

Alikuwa Harlan Voss, mwenye duka la hadiwea la mjini, aliyepanga mipira ya kumwagilia na majembe juu ya meza kana kwamba watu wa tamasha wamekuja kulima. Voss aliipinga kodi ile mwaka mzima, na kushindwa hakukumnyamazisha. Alimweleza Wanetta hoja zake zote bila kuombwa. Maili kumi na mbili tu kutoka pale kuna mji wa Corley, usio na nusu senti ile. Mtu akitaka mashine ya kukatia nyasi ya dola elfu mbili, hapa atalipa dola kumi zaidi. Unadhani hataendesha hadi Corley? Wengine hawaendi hata Corley. Wanakuja dukani kwake kuipapasa mashine, kisha wanarudi nyumbani kuiagiza mtandaoni. Tena kodi ya dukani humtoza mjane na mwenye ng'ombe mia tano sawasawa, ilhali mfuko wa mjane ndio mdogo.

Imogene alimwacha amalize, kisha akasema kwamba wangeyatoza majengo na mashamba, bwawa lingelipwa na wana Tilden Fork peke yao. Kodi ya mauzo inalipwa pia na dereva wa lori anayesimama kununua kahawa na soksi. "Huyo dereva hataogelea kamwe, Harlan, lakini anatuchimbia shimo."

"Na huyu bibie wa bisi je?"

"Naye pia," Imogene alisema, akamgeukia Wanetta. "Karibu kwenye ujenzi."

Akamwonyesha mchoro aliokuwa nao kwenye jalada. Ulikuwa mchoro mzuri, wenye maji ya rangi ya anga, ngazi pana za kushukia upande wa kina kifupi, na watu waliochorwa bila nyuso wakiwa wamelala juu ya maji. Wanetta aliutazama mpaka Delmar akamwita mara mbili kwamba kuna wateja.

Jambo moja hakumwambia mtu. Katika miaka hamsini na mitano hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti. Utotoni kwao bwawa lilikuwa mbali, na siku waliyokwenda wenzake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya duka. Alipokuwa mkubwa aliona haya kuanza. Miaka ikapita hivyo hivyo.

Siku ile, kila aliyenunua mfuko aliambiwa pale dirishani: "Ahsante, umechangia bwawa." Watu walifurahi. Wengine walirudi na mfuko wa pili, wakisema huu ni wa ngazi, au huu ni wa ubao wa kurukia. Delmar alicheka, akisema watu wamenunua bisi na mkewe anawauzia bwawa. Lakini hata yeye aliona kwamba waliuza mifuko mingi kuliko tamasha lolote la mwaka ule.

Mwaka wa pili shimo lilikuwa limechimbwa na uzio umewekwa. Mji ulikopa pesa benki, na nusu senti ilikuwa ikilipa mkopo pole pole, pamoja na mapato ya chakula cha hisani cha kanisa. Wanetta alikwenda kwenye uzio wakati wa mapumziko, akashika waya kwa vidole akalitazama shimo. Mwaka wa tatu zege lilikuwa limemwagwa, na Imogene alitangaza kwamba bwawa litafunguliwa Juni. Alikuwa akiandaa ubao mkubwa wa kuwekwa langoni, wenye majina ya wafanyabiashara wote waliokusanya nusu senti na kukubali kutajwa. Alimuuliza Wanetta kama anakubali.

"Nakubali kabisa," Wanetta alisema. "Niandikie herufi kubwa."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili mchana Imogene alirudi. Hakuja dirishani. Alizunguka nyuma ya trela, akagonga mlango mdogo, akamwomba Wanetta watoke pembeni. Aliivaa miwani, akaivua.

"Bi Stroud, nimepitia orodha inayokuja kutoka jimboni. Sikukuona. Nikadhani nimekosea, nikarudia miaka yote mitatu. Hujawahi kutuletea hata senti moja."

Wanetta alihisi masikio yakimwaka. Alisema haiwezekani. Alileta kijitabu chake cha miji kutoka kwenye pikapu, wakakifungua juu ya boneti, na Imogene akafuata mistari kwa kidole. Haikuchukua dakika mbili. Uwanja wa tamasha uko ndani ya mpaka wa Tilden Fork, lakini barua zake hupitia posta ya Corley. Mwaka wa kwanza Wanetta aliutafuta mji kwenye orodha ya jimbo kwa namba ya posta, akaipata Corley, akaandika kwenye fomu namba ya kodi ya Corley, na tangu hapo akawa anainakili tu. Alitumia kiwango cha Corley, kisicho na nusu senti. Na ule mgao wa kawaida wa mji nao ulikwenda Corley.

Harlan Voss, ambaye masikio yake hayakuhitaji mwaliko, alikuwa amesimama nyuma yao na jembe mkononi.

"Ngoja nielewe," alisema. "Miaka mitatu umetuhubiria bwawa, kumbe unawajengea Corley?"

"Corley hawana bwawa," Imogene alisema.

"Wana taa ya barabarani. Waliiweka mwaka jana." Voss akamtazama Wanetta. "Ile nyekundu itakuwa ni yako, mama."

Delmar alisikia kutoka kwenye karai, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotoka nje na kuuona uso wa mkewe, kicheko kikamkauka. Wanetta aliingia kwenye pikapu akafunga mlango. Haikuwa pesa iliyomuuma. Ilikuwa wale watu wote aliowaambia ahsante. Ilikuwa mtoto wa jirani, aliyempeleka nyumba siyo mwaka hadi mwaka huku akijisifu kwa malezi. Delmar alisimama dirishani peke yake mchana ule, na inasemekana watoto wa Tilden Fork bado wanaukumbuka.

Jumatatu, badala ya kurudi nyumbani, walikwenda ofisi ya mji. Imogene aliwatengenezea kahawa, akakaa na Wanetta wakajaza upya fomu za miaka mitatu, safari hii kwa namba ya Tilden Fork. Mgao uliokwenda Corley ungehamishwa na jimbo lenyewe. Kilichobaki kwa Wanetta kulipa ni zile nusu senti ambazo hazikulipwa kabisa, na riba kidogo. Imogene alipiga hesabu mara mbili, kisha akaigeuza mashine ya hesabu ili Wanetta aone mwenyewe. Dola sitini na tatu.

"Ndiyo yote hii?" Wanetta aliuliza.

"Ndiyo yote."

"Mimi nililia jana kwa dola sitini na tatu?"

"Kumbe ulilia?" Delmar aliuliza, na mkewe akampiga kofi la bega, na hapo ndipo wote watatu walipocheka, Imogene mpaka miwani ikaingia kwenye kahawa.

Voss alikuwepo pale kwa shughuli zake. Aliyepinga bwawa ndiye aliyekuwa akiuuzia mji mabomba na rangi, na tena bila kodi, maana mji haujitozi wenyewe. Jambo hilo lilimkera na kumfurahisha kwa pamoja. Alisema dola sitini na tatu, kwa bei ya hadiwea yake, ni galoni moja ya rangi ya buluu ya bwawa, pamoja na brashi. Ataiandika galoni hiyo jina la Stroud na kuiweka kando.

Wanetta alidhani ni mzaha. Lakini Juni ilipofika na Imogene akampigia simu waje kwenye ufunguzi, Voss alimpokea langoni, akamwongoza hadi upande wa kina kifupi, akaelekeza kwa kidole kinene. Ngazi tatu za kushukia zilipakwa buluu iliyokoza kuliko kwingine. "Hizo zako," alisema. "Nilipaka mwenyewe, watu wa mkandarasi wangeharibu." Kisha akarudi kukaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na viatu vyake vya kazi miguuni. Alikuwa ameapa mbele ya baraza zima la mji kwamba hatatia unyayo kwenye maji yale.

Wanetta alikuwa amekuja kutazama tu. Ndivyo alivyomwambia Delmar njiani. Lakini walipoingia mjini alimsimamisha mbele ya duka la nguo, akatoka na mfuko. Ndani yake kulikuwa na nguo ya kuogelea ya dola thelathini, ya kijani, yenye sketi. Delmar alisema wamepita Corley dakika kumi zilizopita, na kule nguo hiyo hiyo ingepungua senti kumi na tano.

"Corley wamekula vya kutosha kwangu," Wanetta alisema.

Mke wa Voss, Lovina, alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mrefu, mwenye mabega ya mwogeleaji na nywele nyeupe fupi. Ndiye aliyepewa darasa la watu wazima wasiojua kuogelea, kila Jumanne asubuhi, na siku ya ufunguzi alikuwa majini akiwakaribisha wanafunzi wake. Alimwona Wanetta amesimama juu ya ngazi ya kwanza na taulo mabegani, akimtazama kila mtu isipokuwa maji. Hakumuuliza kama anajua au hajui. Alisogea, akampa mkono.

"Mimi ndiye kura ya tatu," alisema. "Njoo uone nilichopigia."

Wanetta aliacha taulo. Alishuka ngazi moja, maji yakamfika vifundoni, baridi kuliko alivyotegemea. Alishuka ya pili. Kwenye ya tatu sketi ya kijani ilipanda juu ya maji kama jani, akajaribu kuishusha kwa mikono yote miwili, ikapanda nyuma, na Lovina akamwambia iache, sketi inajua kuogelea kuliko wewe. Wakaenda hadi maji yalipofika kifuani. Hapo Wanetta alikaza meno, akasema amefika, ahsante, ametosheka.

Lovina alimpa muda. Alimweleza kwamba ataweka kiganja chini ya mgongo wake na hatakitoa mpaka aambiwe. Kazi ya Wanetta ni kutazama juu na kupumua. Wanetta alilala kama mtu anayelalia kitanda asichokiamini. Maji yaliingia masikioni na kelele zote zikakatika: watoto, filimbi ya mlinzi, redio ya mtu. Aliona anga. Aliona vilele vya miti. Alisikia moyo wake ukienda kasi, kisha ukipunguza. Miguu yake, iliyosimama dirishani mwa trela miaka ishirini na minne, ikapanda yenyewe, mmoja baada ya mwingine, na hakuna kilichoiuma.

Alipogeuza macho alimwona Lovina amesimama mbali kidogo, mikono kiunoni.

"Ulisema hutatoa mkono!"

"Uliniambia toa. Umeniambia mara mbili, hujisikii?"

Wanetta alizama, akameza maji, akainuka akikohoa na kucheka, nywele zimemfunika uso, akadai arudishwe juu ya maji mara moja. Alielea mara ya pili, na ya tatu bila mtu kumshika kabisa. Delmar, aliyekuja na gunia la bisi na kuanza kuwagawia watoto wenye mikono mibichi, alikaribia ukingoni akamwita, lakini mkewe alikuwa na maji masikioni na hakuwa na haja naye.

Ndipo Lovina akamgeukia mumewe aliyekuwa kivulini. "Harlan, miaka mitatu unalipa nusu senti yako kila ukinunua mkate. Unaingia, au unasubiri risiti?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Voss alisema ameapa kutotia unyayo, na neno lake ni neno. Alikaa kidogo, akijipepea kwa kofia. Joto lilikuwa kali siku ile. Mwishowe akainama, akafungua kamba za viatu polepole kama mtu anayefungua mzigo wa mwenzake, akavua na soksi, akaikunja suruali. Alikwenda kwenye ngazi za buluu, akakaa, akatumbukiza visigino tu, vidole vikiwa vimeelekezwa juu na unyayo ukiwa nje ya maji. Alisema kisigino hakikutajwa kwenye kiapo. Alikaa hivyo karibu saa nzima, na hakuna aliyemwona amekasirika.

Tangu Juni hadi Agosti Wanetta aliendesha maili arobaini kila Jumanne hadi Tilden Fork. Matamasha yao yalikuwa ya mwisho wa wiki, kwa hiyo hayakuumia. Alijifunza kupiga miguu akishika ukingo, kisha kupuliza mapovu, jambo lililomchekesha sana mtu wa umri wake. Jumanne ya mwisho kabla bwawa halijafungwa kwa majira ya baridi, Lovina alimwambia avuke kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kwa upana. Imogene alitoka ofisini na kalamu bado sikioni ili ashuhudie. Voss alihesabu mikono kwa sauti kutoka kwenye ngazi, akiruka namba kadhaa ili kumtia moyo, na Delmar alitembea sambamba ukingoni na taulo, kana kwamba angeweza kumtupia akizama.

Aligusa ukuta kwenye mkono wa thelathini na moja, au ishirini na sita ukiacha wizi wa Voss. Alishika ukingo akapumua. Kisha akauliza kama kuna mtu ana chakula, maana hajawahi kusikia njaa namna ile maishani mwake. Delmar alikuwa na mkate wa nyama ya kuku. Aliula palepale akiwa majini, viwiko juu ya zege, nywele zikimchuruzika, na Imogene akaenda kumtafutia mwingine.